Fowili Inayojiweka Yenyewe: Kutoka Land Rover ya 1948 Mpaka Matope ya Nkoaranga

Poleni kwa ukimya, majaribio ya katikati ya muhula yalitubana kweli kweli hapa chuoni, halafu bumu nalo likachelewa, si mnajua tena... Leo sina habari za hosteli wala za foleni ya kafteria. Leo ni historia tupu. Nasomea ualimu, masomo yangu ni Historia na Jiografia, na kuna swali moja limenikaa kichwani tangu likizo: gari likifika kwenye utelezi, nani anaamua kwamba magurudumu yote manne yavute? Dereva? Utingo? Au gari lenyewe?

Msicheke, swali hili lina hela za watu ndani yake. Baba yangu mdogo anaishi juu ya Nkoaranga, kwenye miteremko ya mlima Meru. Yeye na wenzake wanne wamechanga kwa muda mrefu ili wanunue pikapu ya kushusha ndizi, parachichi na maziwa mpaka soko la Tengeru siku za gulio, Jumatano na Jumamosi. Aliyewahi kupanda huko wakati wa masika anaujua ule udongo wa volkano. Kiangazi ni vumbi la kukuziba pua, mvua ikinyesha siku mbili unakuwa sabuni. Kikundi kilikuwa na machaguo mawili. La kwanza ni Toyota Hilux ya zamani, ile yenye liva fupi ya fowili pembeni ya liva ya gia. La pili ni pikapu ya kisasa zaidi yenye kitufe cha kuzungusha, kimeandikwa 2H, 4A, 4H na 4L. Hiyo A ndiyo iliyoleta ugomvi. Muuzaji alisema A maana yake usihangaike, gari litajiweka lenyewe kwenye fowili likihitaji. Kikao kikagawanyika. Wengine wakasema hiyo ndiyo dawa, wengine wakasema gari linaloamua lenyewe siku moja litaamua vibaya na mikungu ya ndizi itaishia korongoni.

Baba mdogo akanigeukia. "Mwalimu, si ndiyo unasoma historia? Hebu tuambie hiki kitu kilianza lini, na waliotutangulia kiliwafikisha wapi." Nikamwambia baba mdogo, nipe wiki mbili. Nilichokipata ndicho hiki, na kwa kweli kimenishangaza, maana nilidhani naenda kusoma habari za kompyuta nikajikuta niko mwaka 1948.

Kwanza tuelewane tatizo lenyewe. Gari likikata kona, kila gurudumu linapita njia yake. Yale ya mbele yanachora duara kubwa zaidi kuliko ya nyuma, kwa hiyo yanatakiwa yazunguke haraka zaidi. (Mwagie maji uwanja wa shule, pitisha gari kwenye kona, halafu angalia alama za tairi. Utaona njia nne.) Sasa ukiunganisha mbele na nyuma kwa chuma ili vizunguke sawasawa, kwenye tope hakuna neno, tairi litateleza kidogo na tofauti itaishia humo. Kwenye lami tairi halikubali kuteleza. Chuma kinajikaza, usukani unakuwa mzito, gari linashikashika kama mtu amelivuta shati kwa nyuma. Ukiendelea hivyo unakula tairi, na siku nyingine unakula meno ya gia.

Ndiyo maana fowili ya kawaida ya pikapu ni ya kuchagua. Unatembea na magurudumu mawili ya nyuma, ukifika kwenye tope unaingiza ya mbele, ukirudi lami unayatoa. Kazi hiyo inafanywa na boksi la pili lililo nyuma ya gia boksi, mafundi wanaliita transfa. Ndani yake kuna meno yanayokamata au kuachia propela inayokwenda mbele. Ni rahisi, ni ngumu kuharibika, lakini inataka mtu mwenye akili pale juu ya usukani. Na zamani ilitaka mtu wa pili mwenye miguu. Kwa nini? Kwa sababu mwaka huohuo wa 1948 kampuni ya Warn kule Seattle, Marekani, ilianza kutengeneza habu za kufunga na kufungua kwa mkono, kwa ajili ya zile jipu zilizobaki baada ya vita. Ukizifungua, magurudumu ya mbele yanazunguka yenyewe bila kuburuza propela na difu bure, unaokoa mafuta na vyuma. Ukitaka fowili, mtu ashuke azungushe kidude katikati ya kila gurudumu la mbele. Na huyo mtu hakuwa dereva hata siku moja. Ni utingo, kwenye tope, kwenye mvua, mara nyingi wakati gari limeshazama na habu haionekani. Nimeuliza wazee watatu waliofanya kazi ya utingo ujanani na wote watatu walianza kucheka kabla hawajajibu.

Sasa njooni kwenye Land Rover. Hii gari tunaijua sana Arusha. Oktoba 2024 mji ulifanya tamasha lake, zikaja kwa mamia kutoka kila kona, mpya na za zamani, zikapita barabarani kwa msururu mpaka ukachoka kuangalia. Historia yake inajulikana: Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na jipu ya Willys ya jeshi kwenye shamba lake huko Anglesey, akataka Rover watengeneze ya kwao, bodi ikawa ya aluminiamu kwa sababu chuma cha bodi kilikuwa cha mgawo baada ya vita, na tarehe 30 Aprili 1948 ikaonyeshwa Amsterdam. Haya yote yanasimuliwa kila mahali. Kinachosemwa mara chache ni kwamba Land Rover ya kwanza kabisa haikuwa na fowili ya kuchagua. Magurudumu yake manne yalivuta muda wote, na ilikuwa inajipanga yenyewe kwenye kona!

Walifanyaje bila kompyuta? Walitumia friwili. Ndiyo, friwili ileile ya baiskeli. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha niliwahi kuomba baiskeli ya mlinzi nikaipeleka darasani kwa kidato cha pili (mwalimu wa Fizikia aliniangalia kama nimemwibia kipindi). Ukipiga pedali, mnyororo unavuta gurudumu. Ukiacha kupiga, gurudumu linaendelea mbele bila pedali, unasikia tik-tik-tik. Maana yake friwili inaruhusu gurudumu liende haraka kuliko mnyororo, lakini hairuhusu liende polepole kuliko mnyororo. Rover walikuwa wanatumia kitu cha aina hiyo kwenye magari yao madogo, wakakiweka kwenye njia ya kwenda magurudumu ya mbele. Gari likikata kona kwenye barabara kavu, magurudumu ya mbele yanakimbia zaidi, friwili inayaacha yaende, hakuna chuma kinachojikaza. Magurudumu ya nyuma yakianza kuteleza kwenye tope, gari linapunguza mwendo, ya mbele yanajaribu kubaki nyuma ya injini, friwili inakamata palepale na ya mbele yanavuta. Hakuna liva, hakuna utingo, hakuna waya hata mmoja. Hiyo ni fowili inayojiweka yenyewe, miaka 77 na zaidi iliyopita.

Lakini ilikuwa na ugonjwa mmoja. Fikiria uko kwenye baiskeli unashuka mlima na huna breki. Baiskeli yenye friwili haiwezi kukusaidia, pedali zimelala, gurudumu linakwenda tu. Land Rover ile nayo hivyohivyo: ukishuka mteremko na kuondoa mguu kwenye mafuta, injini inashikilia magurudumu ya nyuma peke yake. Ya mbele yameachiwa. Kwenye utelezi hali hiyo ni mbaya, maana nyuma ikishikiliwa na mbele iko huru, nyuma ndiyo inataka kukupita. Rover walilijua hilo. Wakaweka pete ya kuvuta sakafuni, karibu na miguu ya dereva. Ukiivuta, friwili inafungwa, mbele na nyuma vinakuwa kitu kimoja. Kwa hiyo hata gari la kwanza la kujiamulia lilibakiza sehemu moja ya uamuzi kwa mtu.

Mwaka 1950 wakaachana nayo. Wakaweka mpango wa kawaida: kwenye gia za kawaida unachagua mwenyewe magurudumu mawili au manne. Hapo ndipo tukapata zile liva mbili ambazo mababu zetu wanazikumbuka kwa rangi, kichwa cha njano unakigandamiza kuingiza fowili, kichwa chekundu unakivuta kuingia gia ndogo za nguvu, na fowili inakuja nayo. Magari ya Tanganyika ya miaka ya 1950, ya mabwana shauri, ya mabwana nyama, ya wamisionari, mengi yalikuwa haya. Baadaye ikaja 109 ndefu, ikabeba kila kitu kuanzia maofisa wa ujamaa mpaka mbuzi wa mnada. Dereva wa serikali akawa mtu wa heshima, na heshima yenyewe ilikuwa kwenye mkono wake wa kushoto: kujua ni wapi hasa pa kugandamiza ile njano. Mapema mno unaharibu vyuma. Ukichelewa, umeshazama.

Mimi naona hapa kuna jambo ambalo vitabu vya magari havilisemi vizuri. Tumezoea kusimulia historia ya ufundi kama ngazi, kila hatua mashine inakuwa na akili zaidi na mtu anapumzika. Hapa hatua ilirudi nyuma. Gari lililojiamulia lilitangulia, gari la kuamuliwa likafuata na likatawala miaka mingi. Halikutawala kwa sababu watu hawakujua njia nyingine, bali kwa sababu liva inaeleweka, inatengenezeka kwa spana na nyundo, na dereva mzuri ni rahisi kumpata kuliko spea.

Ushahidi wa dereva mzuri tunao hapahapa Afrika Mashariki. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 zikiitwa Coronation Safari, zikipitia Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye vumbi na tope la Pasaka linalojulikana. Gari la magurudumu manne halikushinda mbio hizo mpaka mwaka 1987, Hannu Mikkola alipochukua na Audi 200 quattro. Miaka 34! Kabla ya hapo Joginder Singh alishinda mara tatu, Shekhar Mehta mara tano, wote na magari yanayovuta magurudumu mawili. Nikimweleza hili baba mdogo alifurahi sana, akasema basi tununue kijigari cha kawaida tuajiri Singh.

Turudi kwenye mstari. Waliotaka magurudumu manne muda wote hawakukata tamaa. Harry Ferguson, huyuhuyu wa trekta za Ferguson, alianzisha kampuni ya utafiti wa jambo hilo, na mwaka 1966 ufundi huo ukatoka kwenye gari la Uingereza liitwalo Jensen FF. Njia yao ilikuwa difu ya katikati. Difu mnaijua, ni ile bakuli ya meno katikati ya ekseli inayoruhusu gurudumu la kushoto na la kulia kutofautiana mwendo kwenye kona. Sasa weka nyingine katikati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na tatizo la kona limekwisha. Range Rover ya 1970 ilikuwa hivyo, Land Rover 110 ya 1983 ikawa hivyo, na hiyo ndiyo iliyopewa jina la Defender mwaka 1990. Kwa hiyo ile Difenda ya polisi ambayo kila mwanafunzi anaijua kwa mbali haina cha kuingiza fowili, iko kwenye fowili saa zote, hata ikiwa imeegeshwa kwenye lami inakusubiri wewe. Mashangingi ya wakubwa, zile Land Cruiser VX, nayo vivyo hivyo.

Shida ya difu ya katikati ni kwamba nguvu inakimbilia palipo rahisi. Gurudumu moja likining'inia hewani, nguvu yote inaishia huko na gari linakaa kama jiwe. Ndiyo maana magari hayo yana sehemu ya kuifunga ile difu, na tumerudi tena kwenye pete ya sakafuni, ila safari hii inaitwa jina lingine.

Na pikapu je? Wamarekani walizileta mapema. Mwaka 1973 Jeep waliweka mfumo wao wa Quadra-Trac kwenye pikapu zao pia, manne yanavuta muda wote bila dereva kugusa kitu. Angalieni mwaka huo vizuri, wenzangu wa Historia. Oktoba 1973 vita ya Mashariki ya Kati ikapandisha bei ya mafuta dunia nzima, na gari linalozungusha vyuma vyote saa zote likawa anasa. Hata huku kwetu wazee wanakumbuka marufuku ya kuendesha magari binafsi Jumapili mchana. Ilipofika mwaka 1980 watengenezaji wengi wa pikapu Marekani walikuwa wamerudi kwenye liva. Na Hilux ya kwanza ya fowili, iliyotoka mwaka 1979, ilitoka na liva vilevile. Ni hiyo na watoto wake waliojaa barabara za Meru, Monduli na Karatu mpaka leo.

Kilichobadilisha mambo hakikutoka kwenye fowili kabisa, kilitoka kwenye breki. Mwaka 1978 Bosch walitoa ABS ya kielektroniki, breki isiyofunga gurudumu, ikaanza kwenye Mercedes-Benz. Ili ifanye kazi, kila gurudumu linawekewa sensa inayohesabu mwendo wake. Miaka michache baadaye mtu yeyote mwenye akili angeuliza: kama gari tayari linajua kila gurudumu linazunguka kwa kasi gani, si linajua pia lipi linateleza? Mitsubishi wakaleta Super Select kwenye Pajero mwaka 1991, yenye difu ya katikati unayoweza kuitumia hata kwenye lami, baadaye ikafika kwenye pikapu zao. Mwishoni mwa miaka ya 1990 General Motors wakaweka Autotrac kwenye pikapu zao na kitufe kimeandikwa kabisa AUTO 4WD. Ford Ranger iliyotoka 2022 ina matoleo yenye ile 4A. Huku mjini watu wengi walikutana kwanza na fowili isiyo na liva kwenye RAV4, ile wanayoiita Kilitaimu, na kwenye Subaru, ila hizo si pikapu na hazikubebeshwa mikungu 60.

Ndani yake kukoje? Nilikwenda kwenye gereji moja Unga Limited, fundi alikuwa ameshusha transfa ya aina hii na akakubali nichungulie. (Alinipa kwanza kitambaa nishike, akasema mwalimu usije ukachafua chaki.) Mahali ambapo kwenye transfa ya zamani kuna meno, hapa kuna rundo la sahani nyembamba zimepangwa kama chapati. Moja ya chuma, moja yenye ngozi ya klachi, moja ya chuma, hivyo hivyo, zote ndani ya oili. Za aina moja zimeshikana na shafti inayokwenda nyuma, za aina nyingine zimeshikana na propela ya mbele. Zikiachiwa, zinateleza juu ya mwenzake, pikapu ni ya magurudumu mawili. Zikibanwa kidogo, nguvu kidogo inakwenda mbele. Zikibanwa sana, mbele na nyuma vinakaribia kuwa kitu kimoja. Anayebana ni mota ndogo ya umeme, na anayeiamuru mota ni kompyuta.

Kompyuta inasoma sensa za magurudumu, inasoma usukani umekatwa kiasi gani, na mguu wa dereva umekandamiza mafuta kiasi gani. Nyuma ikianza kuzunguka haraka kuliko mbele kwa namna ambayo kona peke yake haiwezi kuielezea, inabana. Yote hayo kwa muda mfupi kuliko wewe kusema "tumekwama". Mifumo mizuri haisubiri hata kuteleza, ukikanyaga mafuta kwa nguvu kutoka ulipokuwa umesimama inabana kabisa mapema.

Nikamuuliza fundi udhaifu wake. Akanyanyua sahani mbili na kuzisugua pamoja, akasema, "Joto." Sahani zinazosuguana kwa muda mrefu zinachemka. Ukiwa kwenye tope refu, dakika ishirini nzima za kubana na kuachia, kompyuta inaweza kuamua kuziokoa sahani na kukuacha wewe. Hapo inabidi uwe umeshahamia 4H, sahani zimebanwa moja kwa moja, au 4L ukitaka nguvu zaidi. Halafu kuna jambo la difu za ekseli: fowili ya aina yoyote ile inaweza kukwama kama gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yote yamekosa pa kushika, isipokuwa gari liwe na breki za kuzuia lile linalozunguka bure, au difu ya kufunga. Watu huko Samunge walilijua hili mwaka 2011, wakati wa kikombe cha Babu wa Loliondo, marehemu mchungaji Ambilikile Mwasapile. Magari ya kila aina yalitoka Arusha kupitia Mto wa Mbu na Ngaresero. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi lakini baba mdogo alikwenda, na anasema njiani hukuuliza mtu anatoka mkoa gani, uliuliza gari lake lina fowili au halina.

Lakini swali langu kubwa kwa fundi lilikuwa lile la 1948. Kushuka je? Akanyamaza kidogo, akaweka sahani chini. Akasema A inasubiri kuona tofauti. Kwenye kupanda, kusubiri hakuna madhara, ukipoteza nusu mzunguko wa gurudumu hujapoteza kitu. Kwenye kushuka na mzigo, nyuma ikiachia nusu mzunguko umeshageuka upande. Na mara nyingi ukiwa kwenye A umeondoa mguu kwenye mafuta, sahani zimelegezwa, injini inashikilia nyuma kuliko mbele. Nikajikuta nacheka mwenyewe gereji. Ni ugonjwa uleule wa friwili! Kompyuta, sensa, mota ya umeme, miaka zaidi ya sabini, na bado mteremko unadai ile pete ya sakafuni.

Nikapanda Nkoaranga na majibu yangu. Kikao kilikaa barazani kwa baba mdogo, chai ya maziwa, ndizi za kuchoma. Nilipomaliza, mzee mmoja aliyekuwa upande wa Hilux alisema basi imeonekana, liva ndiyo mpango, spea zake zinapatikana mpaka Usa River na fundi yeyote anaifungua. Hoja hiyo ni nzito, sikubishana nayo. Lakini aliyeamua mambo hakuwa mzee yeyote. Ni kijana atakayekuwa utingo wa hiyo pikapu, alikuwa amekaa pembeni kwenye debe. Akasema, "Dada mwalimu, wewe umeeleza vizuri, lakini hii Hilux yenyewe ina habu za mkono. Nani atashuka kuzizungusha?" Kimya. Halafu akaongeza kwamba dereva waliyemchagua ni mvivu, anajulikana, liva ataisahau mpaka gari lizame ndipo amtume yeye kwenye tope.

Walinunua ile yenye kitufe, baada ya fundi kuikagua na kuonyesha kwamba oili ya transfa ilikuwa safi. Imepita masika moja sasa. Kupanda inapanda kwenye A bila maneno. Kuna mteremko mmoja chini kidogo ya kwa baba mdogo, kabla ya daraja, pale dereva anatakiwa asimame kabisa, aweke fri, azungushe kwenda 4L, ndipo ashuke polepole injini ikishikilia yote manne. Akifika chini kwenye barabara ya lami ya Arusha–Moshi anarudisha 2H kabla hajakata kona ya kwanza. Utingo ameandika kwa kalamu ya rangi nyekundu kwenye kipande cha boksi la sabuni na kukibandika kwenye dashibodi mbele ya macho ya dereva: KUPANDA A. KUSHUKA 4L. LAMI 2H. Yeye ndiye anayekisimamia, na dereva akisahau anagonga bodi kwa kiganja mara mbili mpaka gari lisimame.

Haya, kesho saa moja asubuhi nina kipindi cha Saikolojia ya Elimu na sijasoma hata ukurasa. Kama kuna mdau ana babu au mjomba mwenye Land Rover ya kabla ya 1950, yenye pete sakafuni, tafadhali piga picha unirushie. Nataka nione kama mnyororo wake bado unavuta.